Chumvi na mtoto wa miaka minne: tathmini ya vifaa vya kujengea chekechea na shule ya msingi Mombasa

Shule mpya ikiinuka katikati ya mtaa wa makazi Mombasa hukaguliwa na wengi. Afisa wa mipango wa kaunti atapita, wa afya atapita, NCA, mamlaka ya ujenzi, watauliza ubao wa mradi, NEMA, mamlaka ya mazingira, watauliza leseni. Wakaguzi wakali kuliko hao wote hawavai beji. Mmoja ni chumvi, ambayo huja na upepo wa kusi, huja na maji ya kisima, na wakati mwingine huletwa na lori la mchanga. Mwingine ni mtoto wa miaka minne, anayening'inia kwenye kila kinachoshikika na kuchokonoa kila kinachobanduka.

Vifaa na huduma zinazouzwa mjini kwa kazi hii tunazipima kwa macho ya hao wawili. Mfano wetu ni jengo la vyumba 8: PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya chekechea, na gredi ya 1 hadi ya 6, watoto 30 kila chumba, jumla 240, kwenye ploti ya mtaani kama zile za Kiembeni, Mikindani au Mshomoroni. Chekechea iko chini, wakubwa wako ghorofa ya kwanza. Bei za hadiwea hubadilika wiki kwa wiki, kwa hiyo tunapima kazi ya kifaa. Mwenye haraka achukue hili aende: pesa za geti la maua na vigae vya kung'aa zihamishiwe kwenye mchanga, bawaba na vyoo.

Mawe ya matumbawe: chukua

Kwa ukuta wa Pwani hakuna kifaa kinacholishinda jiwe la matumbawe lililokatwa kwa msumeno kwenye machimbo ya Kilifi na Kwale. Fort Jesus ilijengwa kwa matumbawe na chokaa kati ya 1593 na 1596, na hadi leo inaitazama bahari. Ila wanaoitaja Fort Jesus husahau jambo moja: ngome ile haina nondo. Chumvi haina ugomvi mkubwa na jiwe. Ugomvi wake ni na chuma kilichofichwa ndani ya zege, ambacho kikishika kutu huvimba na kupasua kila kilichokizunguka. Ndiyo maana jengo la miaka kumi Mombasa huonekana mawe mazima, nguzo zimechanika.

Lori likifika, usikague mawe ya juu, hayo yamepangwa yaonekane. Toa matano kutoka katikati. Gonga mawili: yakitoa mlio mkali, mazuri, yakitoa sauti ya kibuyu chenye maji, rudisha. Kwaruza kwa msumari: likimomonyoka kama unga wa mhogo, rudisha. Angalia pia mashimo yaliyojaa udongo mwekundu, kwa sababu hapo lipu haitashika na baada ya mwaka utaona mabaka yakidondoka.

Hesabu yake ni hii. Mwongozo wa usalama wa shule wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2008 unataka darasa la mita 7.5 kwa 5.85 au 7.5 kwa 6, la watoto wasiozidi 30 kwa madawati ya mtoto mmoja mmoja, au 40 kwa yale ya wawili. Darasa la 7.5 kwa 6 lina mzunguko wa mita 27. Kwa ukuta wa mita 3 kwenda juu ni mita mraba 81. Toa kama 16 za mlango na madirisha, zinabaki 65. Jiwe lenye uso wa sentimita 39 kwa 19, pamoja na kiungo cha sentimita 1, hula mawe 12 na nusu kwa mita mraba. Hayo ni 813, na ukiongeza asilimia 5 ya yatakayovunjika ni kama 855 kwa darasa lililosimama peke yake. Madarasa yakishirikiana ukuta, idadi inashuka. Vipimo vya machimbo havifanani, kwa hiyo pima jiwe lenyewe kabla ya kuagiza.

Kosa la kawaida kwenye mawe haya ni kiu. Jiwe kavu hufyonza maji ya saruji kabla haijashika, na kiungo hubaki mchanga mtupu unaochimbika kwa kidole. Yaloweshwe kabla ya kupangwa. Na ule utepe wa chuma mafundi hulaza kati ya mistari, uwe wa wavu uliopakwa zinki. Ule mweusi wa kawaida ni kutu iliyoagizwa mapema.

Matofali ya saruji yanayofyatuliwa kando ya barabara hatuyapendekezi kwa shule. Si kwamba tofali la saruji ni baya kwa asili. Tatizo ni kwamba huwezi kujua mchanga wake ulitoka wapi, na la bei rahisi hupakiwa kwenye lori likiwa na siku tatu tu.

Mchanga, maji na zege: hapa ndipo shule hufia

Mchanga wa bahari ni mweupe, ni msafi kwa macho, na uko karibu. Usiuruhusu karibu na nondo. Mchanga wa mto ndio wa zege, na hata huo upimwe. Tia mchanga nusu ya chupa ya plastiki, ongeza maji na chumvi kidogo ya jikoni, tikisa, acha saa tatu. Tope litajipanga juu ya mchanga kama krimu. Likizidi sehemu 8 kwa 100 za kimo cha mchanga, uoshwe au urudi ulikotoka. Kuhusu chumvi, jaribio la kwanza ni ulimi: punje kidogo, onja, tema. Foromani anayeona aibu kuonja mchanga amwachie mwingine kazi.

Kokoto nazo ziwe ngumu, za jiwe zito. Vipande vya matumbawe vilivyobaki kwenye kukata mawe ni vizuri kwa kujazia chini ya sakafu, lakini ndani ya nguzo ni sponji.

Kisha maji. Visima vingi vya mitaa ya Mombasa vina chumvi, na kila mtu anajua zege lichanganywe kwa maji matamu. Boza la maji matamu hununuliwa, zege humwagwa vizuri, halafu kesho yake kibarua anachota maji ya kisima kumwagilia zege lile lile kwa siku saba. Kazi yote imeharibika hapo, kwa sababu zege changa hunywa. Maji ya kumwagilia yawe yale yale ya kuchanganyia. Ukifunika nguzo kwa magunia mabichi na slabu kwa karatasi ya nailoni, boza moja litakwenda mbali.

Kwa nguzo, mihimili na slabu, mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) unaozoeleka ni dhaifu kwa hewa ya bahari. Tunashauri 1:1½:3 kwa saruji ya daraja la nguvu la 42.5, ile ya 32.5 ibaki kwenye kupanga mawe na lipu. Wilbaro si kipimo: mmoja hujaza kilima, mwingine hujaza bonde. Tengeneza sanduku la mbao la sentimita 30 kwa 30 kwa 39, ambalo lina lita 35, sawa na mfuko mmoja wa kilo 50. Kila mfuko upate sanduku moja na nusu la mchanga, matatu ya kokoto, na maji yasiyozidi lita 25, yapungue zaidi mchanga ukiwa umenyeshewa. Zege hilo litaonekana gumu na fundi atatafuta kopo la kuongezea. Mpe poka ya kutetemesha badala ya kopo. Maji ya ziada yakikauka huacha vijitundu, na chumvi hupitia humo humo.

Nondo zifunikwe na zege la milimita 40 upande wa nje, 50 kama ploti inasikia mawimbi. Umbali huo haushikwi kwa macho. Hushikwa na vikalio vidogo vya saruji na mchanga 1:2, vilivyofyatuliwa siku chache kabla, vyenye waya wa kufungia. Tukitaja kosa moja linaloonekana karibu kila mjengo, ni fundi kuokota kipande cha tumbawe na kukichomeka chini ya nondo kama kikalio. Kipande kile kinafyonza unyevu kutoka nje na kuupeleka moja kwa moja kwenye chuma. Ukitembea chini ya slabu ya namna hiyo baada ya miaka michache, utaona alama za hudhurungi zimepangwa kwa safu, kila alama mahali palipokuwa na jiwe.

Nguzo za kushikilia mbao za slabu, za mvinje, zibaki siku 14 kwa uchache, na usipange mawe ya ghorofa juu ya slabu kabla ya siku 21. Vipande vya majaribio vya milimita 150 vivunjwe maabara siku ya 7 na ya 28. Mwenye shule mwenyewe ashike karatasi za matokeo. Septemba 2019 jengo la madarasa ya ghorofa la mbao na mabati liliporomoka Dagoretti, Nairobi, na watoto wakafa. Ghorofa ya shule si mahali pa kubahatisha.

Mabati: mazuri, lakini soma kilichoandikwa

Makuti ni baridi na yanapendeza, ila kwa paa la watoto 240 katikati ya nyumba za watu hatuyataki: cheche moja inatosha.

Kwenye mabati, namba ya geji ikipanda unene unashuka. Geji 32 ni kama robo milimita, geji 30 ni kama 0.3, geji 28 ni kama 0.4. Kwa Mombasa tunataka geji 28 yenye mpako wa alumini na zinki wa AZ150, yaani gramu 150 kwa mita mraba kwa pande zote mbili kwa pamoja. Alama hiyo huchapishwa chini ya bati. Kama muuzaji anakuonyesha rangi tu na hana alama ya kukuonyesha, unanunua rangi. Alumini tupu ni bora zaidi kwa nyumba ya ufukweni, ila hubonyea mtu akikanyaga vibaya.

Bati zuri huuawa na fundi. Likikatwa kwa grainda, cheche huunguza mpako na kutapakaa kama punje za pilipili. Baada ya mvua mbili kila punje ni doa la kutu. Likatwe kwa mkasi wa bati. Mistari isichorwe kwa penseli, maana grafiti ya penseli huanzisha kutu kwenye mpako huo. Tumia kalamu ya wino. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba zisiguse bati moja kwa moja, weka utepe wa plastiki kati yao. Skurubu ziwe na mpira, zikazwe mpaka mpira uchungulie kidogo tu. Ukibinywa hadi utoke nje, umepasuka tayari. Sehemu ya kwanza kuoza huwa chini ya ukingo wa paa, pale mvua haipigi kuosha chumvi. Kuliosha paa kwa mpira wa maji mara mbili kwa mwaka kunaongeza maisha yake kuliko koti la rangi.

Walimu huuliza swali ambalo wauza mabati hawalijibu: mvua ya Mei ikishuka, mtoto wa nyuma atasikia nini? Hatasikia kitu. Bati bila silingi hufunga somo. Silingi ya jipsamu ndiyo nafuu na ndiyo iliyojaa mjini, lakini unyevu huishusha tumbo na mvujo mmoja huidondosha. Tunapendelea bodi ya saruji na nyuzi, ile isiyo na asbesto (nyuzi za madini zinazoharibu mapafu), au mbao nyembamba zinazopachikana. Waliokodi nyumba ya zamani kuigeuza chekechea wakague paa na silingi kwanza. Wakikuta asbesto wasiikate wala kuitoboa, waite mwenye leseni ya kuiondoa.

Madirisha na bawaba

Dirisha la alumini la kusukuma pembeni limekuwa fasheni. Kwa darasa la Mombasa linapata alama ndogo kwetu kwa sababu moja ya wazi: linafunguka nusu. Umenunua mita mbili za dirisha, umepata mita moja ya upepo. Luva za vioo hufunguka karibu zote, ila vipande vyake kwenye kimo cha mtoto ni visu. Mchanganyiko unaofanya kazi ni ule ambao Mji wa Kale wanaujua siku nyingi: shata za mbao zenye mapengo, zinazopitisha upepo hata zikifungwa, na juu yake matundu ya saruji ya kutolea joto. Upande mrefu wa jengo utazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Kusi na kaskazi zote zitapata njia ya kupita. Ukingo wa paa utokeze mita moja au zaidi, maana mvua ya kusi hainyeshi, inarushwa.

Madirisha ya chuma, ukiyapata bure, bado yana gharama. Bawaba hushika kutu kabla ya fremu, dirisha likagoma kufunguka. Mwongozo wa 2008 hautaki vyuma vya kuzuia wezi kwenye madirisha ya madarasa, na unataka milango ifungukie nje na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Wezi washughulikiwe kwenye ukuta wa ploti.

Bawaba ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, tatu kwa kila mlango. Hizi ndizo pesa ndogo zenye faida kubwa kuliko zote kwenye mjengo. Simama karibu na mlango wa chekechea uangalie upande wa bawaba mlango ukifunguka: kuna pengo linaloingia kidole cha mtoto barabara, na mlango ukifungwa pengo linakuwa makasi. Utepe wa mpira wa kuziba pengo hilo unauzwa kwa wauza vifaa vya alumini, na ni misumari midogo tu kuufunga. Karibu kila shule mpya haina utepe huo.

Vyoo na maji: sehemu inayoamua kama shule itafunguliwa Jumatatu

Kwa kufuata mwongozo ule wa 2008, watoto 30 wa kwanza wanahitaji vyoo 4, kisha kimoja kwa kila 30 wanaoongezeka hadi 270 wengine. Kwa 240 hiyo ni 4 na 7, jumla 11. Wakandarasi wengi huchora 6, halafu wakaongeza kimoja cha walimu kwa heshima.

Aina ya choo ina uzito kuliko idadi, na sababu ni mabomba ya mji wetu, ambayo yana siku zake. Shirika la Afya Duniani hukadiria lita 5 kwa mtoto kwa siku kwa shule ya kutwa, na juu yake lita 10 hadi 20 kwa choo cha kuvuta maji, au 1.5 hadi 3 kwa choo cha kumwaga kwa kopo. Piga hesabu. Vyoo vya kuvuta, kwa wastani wa lita 15, vinakupa lita 20 kwa mtoto, au 4,800 kwa siku. Tangi la lita 10,000 linakwisha siku ya tatu asubuhi. Vyoo vya kuchutama vya kumwaga maji, kwa lita 3, vinakupa 8 kwa mtoto, au 1,920. Tangi lile lile linamaliza wiki nzima ya shule. Kwa hiyo tunasema bila kuzungusha: vya kuchutama, vya kauri. Tena mtoto wa Pwani anatawadha kwa maji, hatumii karatasi, hivyo kila chumba kinahitaji bomba la chini na kopo. Choo kilichowekewa kishikio cha karatasi bila bomba kimechorwa na mtu asiyewajua watakaokitumia. Weka viwili vya kukalia: kimoja cha wenye ulemavu, chenye ngazi mteremko isiyozidi 1 kwa 12 na mlango wa sentimita 90, na kimoja kidogo cha chekechea cha kimo cha sentimita 25 hadi 30.

Mabeseni ya kunawia ya chekechea yawe sentimita 45 hadi 50 kutoka chini. Mabomba ya kubonyeza yanayojifunga yenyewe yanasifiwa kwa kuokoa maji. Tumeyapa alama ya chini: mtoto wa miaka minne hana nguvu ya kuyabonyeza, na maji yetu yenye chokaa huyakwamisha yakabaki wazi usiku kucha. Bomba la mkono mmoja, robo mzunguko, ndilo. Milango ya vyoo vya chekechea isiwe na komeo kabisa. Ya wakubwa iwe na komeo linalofungulika kwa sarafu kutoka nje.

Gata za plastiki zinashinda za bati, mradi ziwe za kuhimili jua. Paa la mita mraba 240 kwenye mvua ya milimita 20 hushusha lita 4,800. Ukitoa sehemu moja ya tano ya upotevu unabaki na kama 3,800, ambayo ni siku mbili za shule yetu ya vyoo vya kopo. Maji ya dakika za kwanza yaachwe yapite, yamebeba chumvi na kinyesi cha kunguru. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10. Likae kwenye slabu iliyohesabiwa na mhandisi, si juu ya mawe yaliyopangwa.

Maji machafu: sehemu kubwa ya mitaa haina bomba la kaunti, hivyo ni tangi la chini ya ardhi na shimo la kunyonya. Mwamba wa matumbawe una matundu, na kinachoingia shimoni kwako kinaweza kutokea kisimani kwa jirani. Shimo likae mita 15 au zaidi kutoka kisima chochote, na upande wa bonde. Kisha swali la kijinga ambalo lingeulizwa mapema: gari la kunyonya litasimama wapi? Matangi mengi hufichwa nyuma ya madarasa, mahali ambapo mpira wa kunyonya haufiki, na siku yakijaa ukuta hubomolewa.

Rangi

Lipu mpya ikae wiki nne kabla ya rangi ya mwisho. Ikipakwa mapema, unga mweupe wa chumvi huisukuma rangi ikatoka kama maganda ya kitunguu, na watoto humalizia kubandua. Hadi kimo cha mita 1.2 paka rangi ya mafuta inayooshwa, juu yake ya maji.

Kiwango cha Kenya cha madini ya risasi kwenye rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Manjano, nyekundu na kijani kali ndizo za kushuku zaidi, na ndizo rangi za chekechea. Nunua mkebe uliofungwa wenye alama ya ubora na maandishi ya kutokuwa na risasi. Usinunue ya kupimiwa kwenye chupa. Mombasa haina haja ya kufundishwa habari za risasi. Wakazi wa Owino Uhuru walishinda kesi ya sumu hiyo mwaka 2020, mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Ploti iliyowahi kuwa gereji, karakana ya betri au yadi ya vyuma chakavu ipimwe udongo kabla ya msingi kuchimbwa.

Huduma ya kontrakta

Kuna wanaouza kandarasi nzima na wanaouza mikono tu, vifaa ununue wewe. Mikono tu ni nafuu kwenye karatasi, na inafaa kwa mwenye msimamizi wa kudumu anayejua kuonja mchanga. Asiye naye achukue kandarasi nzima, kwa mkataba wenye orodha ya vipimo na idadi, si jumla moja iliyoandikwa chini ya ukurasa. Hakikisha daraja la kontrakta kwa NCA linatosha kwa ukubwa wa jengo na leseni ni ya mwaka huu.

Kabla ya yote, ploti ya makazi haigeuki shule kwa kubandika jina getini. Matumizi ya ardhi hubadilishwa kwa idhini ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019, na majirani hutangaziwa ili wenye pingamizi waseme. Majirani hawalalamiki kuhusu elimu. Wanalalamika kuhusu tuktuk arobaini saa moja kasorobo. Geti lirudishwe ndani mita 6 kutoka barabarani, gari la shule lisimame kwenye ploti ya shule, na pingamizi nusu litakufa kabla halijaandikwa.

Kwenye malipo, mkataba ubakishe asilimia 10 ya kila malipo: nusu itolewe jengo likikabidhiwa, nusu baada ya miezi 6. Panga tarehe kwa akili. Paa likiwa juu kabla ya katikati ya Aprili, masika yatakukuta ukifanya kazi za ndani. Makabidhiano yakiwa Desemba, tayari kwa muhula wa Januari, miezi 6 itafika Juni, na kontrakta atakuwa bado anadai chake mvua ya Mei ikijaribu kila skurubu ya paa. Anayekabidhiwa Juni na kumaliza kulipa Desemba hajajaribiwa na masika hata mara moja.

Ngazi na uwanja

Vipandio visizidi sentimita 15 kwenda juu, reli ya pili, ya watoto wadogo, iwe sentimita 60 kutoka kipandio, na mapengo ya nondo za reli yasizidi sentimita 10, zisimame wima, maana za kulala ni ngazi nyingine. Kwa veranda, mawe ya Mazeras yana mkwaruzo mzuri yakilowa. Vigae vya kung'aa ni barafu.

Kivuli kiwe cha mwarobaini au mkungu. Mnazi ukatwe au uhamishiwe upande wa maegesho, na hata huko utapasua kioo. Bembea za mnyororo wa chuma hufuga kutu kwenye pete za juu ambako hakuna anayeangalia. Kamba nene ya nailoni yenye pete za chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi. Mteremko wa kuteleza wa bati, jua la saa sita, huchoma ngozi. Ule wa plastiki ni afadhali.

Na ule mchanga wa bahari tuliokataza kwenye zege, mahali pake ni hapa, ununuliwe kwa mwenye kibali cha kuuchota: sentimita 30 chini ya bembea na mteremko, umepigwa reki kila Jumatatu kwa sababu miguu huchimba shimo pale pale mtoto anapoangukia. Jioni ufunikwe kwa turubai, la sivyo paka wa mtaa watakuwa wamepata choo cha kumi na mbili.